Fahamu ya Mwanadamu na Taabu ya Kuijua

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

SABABU YA SOMO HILI

Mgonjwa amelala kitandani. Macho yake hufumbuka asubuhi na hufumba usiku, na pumzi zake zaenda sawa. Lakini akiitwa haitiki, na akiambiwa ainue kidole hakiinui. Jamaa zake wamemzunguka. Mmoja asema: “Huyu hayupo tena, umebaki mwili tu.” Mwingine asema: “Yupo, na yote asikia, ila hawezi kusema.” Baina ya kauli mbili hizi pana jambo kubwa: namna ya kumlisha na kumsafisha, namna ya kusema mbele yake, na pengine shauri la kuendelea kumwuguza au kumwacha. Basi ni ipi kati ya kauli mbili hizi iliyo ya kweli, na itajulikanaje?

Swali hili ndilo mlango wa somo hili. Waswahili wamesema tangu zamani kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Watu wa nje waona udongo na mashahidi ya kaburi. Yaliyo ndani hawayaoni. Na fahamu ya mwanadamu ni vivyo hivyo angali hai: aijua mwenyewe, na wengine huikisia kwa dalili.

MAANA YA FAHAMU

Katika lugha yetu mtu akizirai husemwa amepoteza fahamu, na akiamka husemwa fahamu zimemrudia. Mishipa itokayo katika ubongo na kuenea mwilini yaitwa mishipa ya fahamu. Walakini neno hili moja lachukua maana mbili, na asiyezitenga hukosea.

Maana ya kwanza ni kuwa macho, yaani kutolala. Maana ya pili ni mtu kuyapata mambo kwa ndani: kuona na kujua kuwa aona, kuumwa na kujua kuwa aumwa. Aonjaye asali hupata utamu, na utamu ule si maneno wala si rangi ya asali. Ni jambo limpatalo yeye mwenyewe. Tabibu aweza kulitazama jino bovu na kujua limeoza kwa kiasi gani, lakini maumivu yenyewe hayaoni. Yule mwenye jino ndiye ayaonaye. Mgonjwa tuliyemtaja yu macho kwa maana ya kwanza. Kinachotafutwa ni ile maana ya pili: je, ndani yake mna mtu apatwaye na mambo?

MAJINA MANNE YA IMAM GHAZALI

Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, sawa na mwaka 1111, alieleza jambo hili katika kitabu chake Ihya Ulumid-Din, katika mlango wa maajabu ya moyo. Aliona watu wakichanganya majina manne, nayo ni moyo, roho, nafsi na akili. Akabainisha kuwa kila jina katika hayo lina maana mbili.

Moyo kwa maana ya kwanza ni pande la nyama lililo kifuani, ambalo hata mnyama analo. Roho kwa maana ya kwanza ni mvuke mwembamba ambao matabibu wa zama zile waliuona kuwa watoka moyoni na kuupa mwili uhai. Nafsi kwa maana ya kwanza ni mahali pa ghadhabu na matamanio. Akili kwa maana ya kwanza ni kule kuyajua mambo yalivyo. Ama maana ya pili ya majina yote manne ni moja: ni kile kitu cha siri ndani ya mwanadamu chenye kujua na kutambua, ambacho ndicho kinachosemezwa, kinachohukumiwa na kinachoulizwa.

Hapo Imam akasimama. Kitu hicho chafungamana vipi na lile pande la nyama? Akasema akili za watu wengi zimeduwaa katika jambo hilo, wala hakujitia kulipekua, kwa kuwa ni katika siri ya roho. Na msomaji akumbuke kuwa Mtume aliulizwa juu ya roho, na jibu lililoshuka katika Suratul Israa, aya ya 85, liliirejeza kwenye amri ya Mola na kuwakumbusha watu uchache wa elimu waliyopewa.

Wanavyuoni waliomtangulia na waliomfuata hawakuafikiana. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra, aliona kuwa roho ni mwili mwembamba wenye nuru, uliopenya katika viungo kama maji yalivyopenya katika waridi na mafuta katika zaituni. Wanafalsafa walisema si mwili kabisa. Khitilafu hii ni dalili ya ugumu wa jambo lenyewe. Si dalili ya ujinga wa waliokhitalifiana.

MTU ALIYE ANGANI

Abu Ali ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 370 wa Hijra na kufariki Hamadhan mwaka 428, sawa na mwaka 1037, aliuleta mfano ambao ungali wasomwa mpaka leo. Umo katika kitabu chake ash-Shifa, katika sehemu ya nafsi.

Alisema: mtu na awaze kuwa ameumbwa mara moja, mtu mzima aliyekamilika, amening’inia angani. Macho yake yamefunikwa, haoni kitu. Hakuna hewa yenye kumgusa, wala sauti. Viungo vyake vimetengwa mbalimbali, hata mkono haugusani na mkono wa pili, wala mguu na mguu. Hajapata kuona wala kusikia neno lolote. Je, mtu huyo atajua kuwa yupo? Ibn Sina akajibu kuwa atajua. Hatajua kuwa ana mkono wala kifua wala ubongo, lakini hatakuwa na shaka kuwa yeye yupo. Basi kile akijuacho ni kingine, na vile viungo asivyovijua ni vingine.

Mfano huu una nguvu na una upungufu, na yafaa vyote viwili vijulikane. Nguvu yake ni kuonyesha kuwa mtu hajifikii mwenyewe kwa njia ya macho na masikio. Ujuzi huo watangulia kila ujuzi. Upungufu wake ni huu: yule aliye angani hajui kuwa ana mwili, lakini kutojua kwake hakumwondolei mwili. Mwili anao, ila hana khabari nao. Wanavyuoni wana kanuni mashuhuri katika mambo haya, nayo ni kwamba kukitafuta kitu na usikipate si dalili ya kuwa kitu hicho hakipo. Na Ibn Sina mwenyewe aliuita mfano wake uzindushi wa kumwamsha msomaji. Kisha akaleta hoja nyingine. Kanuni hiyo na ikaliwe moyoni, kwani itahitajiwa mbele.

YALIYOPATIKANA KATIKA UBONGO

Matabibu wa zama hizi wameipata khabari nyingi ya ubongo ambayo wa kale hawakuwa nayo. Hesabu iliyotolewa mwaka 2009 yaonyesha kuwa ubongo wa mtu mzima una chembe hai za fahamu kama 86,000,000,000. Karibu 69,000,000,000 katika hizo zimo katika ubongo mdogo ulio kisogoni. Na hapa pana ajabu: mtu akiharibikiwa na ubongo mdogo huyumba akitembea, mikono yake hutetemeka na maneno yake huwa mazito, lakini fahamu yake hubaki. Penye chembe nyingi kuliko kwingine kote, fahamu haitegemei hapo. Basi wingi wa chembe peke yake haukuwa jibu.

Kadhalika nusukaputi. Mwezi wa Oktoba mwaka 1846, katika mji wa Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya matabibu, naye akakatwa uvimbe wa shingoni bila ya kupiga kelele. Tangu siku hiyo wanadamu wana dawa yenye kuiondoa fahamu na kuirudisha, kwa kipimo. Yajulikana dawa hizo hugusa chembe zipi na huzuia nini. Lakini kwa nini chembe zikizuiwa hivyo yule mtu wa ndani atoweke, kisha zikiachiliwa arudi yeye yule? Hapo elimu haijatimia.

SHAHIDI WA KWANZA: ATENDAYE ASIJUE

Mwaka 1974, Uingereza, Lawrence Weiskrantz na wenzake walitangaza khabari ya mtu ambaye katika maandishi yao waliyafupisha majina yake kuwa D.B. Mtu huyo alikuwa amekatwa sehemu ya kuonea iliyo nyuma ya ubongo, upande wa kulia, kwa sababu ya ugonjwa wa mishipa ya damu. Akapofuka nusu ya uwanja wa macho yake upande wa kushoto.

Wakaweka nuru katika upande ule wa upofu, wakamwuliza: “Waona nini?” Akasema: “Sioni kitu.” Wakamwambia: “Basi kisia tu, elekeza kidole.” Akaelekeza, na kidole kikafika mahali pa nuru mara nyingi kuliko bahati iwezavyo. Wakamwonyesha mistari iliyosimama na iliyolala, akakisia sawa. Alipoelezwa alivyofaulu akastaajabu, kwani kwake yeye alikuwa akibahatisha.

Khabari hii yafunza kuwa dalili ya nje yaweza kuwapo na fahamu ya ndani isiwepo. Mkono ulijua, na mwenye mkono hakujua.

SHAHIDI WA PILI: AJUAYE ASITENDE

Mwezi wa Julai mwaka 2005 mwanamke mmoja wa miaka 23 aliumia kichwa katika ajali ya barabarani, Uingereza. Miezi mitano baadaye alikuwa hali yake ni ile ile tuliyoanza nayo: macho hufumbuka na kufumba, wala hajibu kitu. Matabibu walihukumu, kwa kufuata kanuni zao zote, kuwa yu macho bila ya fahamu.

Adrian Owen na wenzake wa Cambridge na wa Liège, Ubelgiji, wakamtia katika mtambo wa sumaku unaopiga picha za ubongo kwa kuufuata mwendo wa damu. Wakamwambia: “Waza kuwa wacheza tenisi.” Kisha wakamwambia: “Waza kuwa watembea ndani ya nyumba yako, chumba kwa chumba.” Alipoambiwa tenisi, sehemu ya ubongo yenye kupanga harakati za viungo ikaamka. Alipoambiwa nyumba, zikaamka sehemu za kujulia mahali na njia. Wakalinganisha na watu 12 wenye afya waliopewa amri zile zile, na hapakuwa na tofauti. Khabari hiyo ilitangazwa mwaka 2006.

Mwaka 2010 ikatangazwa khabari ya wagonjwa 54 waliojaribiwa kwa njia hiyo. Watano waliweza. Mmoja wao aliambiwa awaze tenisi akitaka kusema ndiyo, na awaze nyumba akitaka kusema la, akaulizwa maswali ya jamaa zake, akajibu. Naye kitandani hakuweza kujibu kwa neno wala kwa ishara. Na mwaka 2024 yakatangazwa matokeo ya hospitali za nchi mbalimbali: katika wagonjwa 241 wasioitikia amri yoyote kwa viungo vyao, 60 ubongo wao uliitikia. Hao ni mmoja katika kila wanne.

Khabari hii ni kinyume cha ile ya kwanza. Huku dalili ya nje haikuwepo, na ndani pana mwenye kusikia na kutii.

Huenda mtu akasema: “Labda ubongo uliamka wenyewe kwa kusikia neno, pasipo mtu kujua.” Ajibiwe kuwa pingamizi hilo lilitolewa na wenye elimu, nalo lastahili kusikizwa. Walakini neno likisikiwa tu huamsha ubongo kwa sekunde chache sana, hupita likatoweka. Na mwanamke yule aliendelea na kuwaza kwake sekunde 30 kamili, mpaka alipoambiwa apumzike. Hiyo ni kazi ya mwenye kukusudia. Na huenda mwingine akasema: “Basi mgonjwa ambaye mtambo haukuona kitu kwake, huyo hana fahamu.” Ajibiwe kwa ile kanuni ya wanavyuoni: hakikupatikana si sawa na hakipo. Yawezekana alikuwa amelala saa ile, au amepoteza usikizi, au haelewi tena maneno ingawa aona maumivu.

SUALA LILILOBAKI

Mwaka 1995 mwanafalsafa David Chalmers aliyagawa masuali ya fahamu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni masuali ya kazi: ubongo hupokeaje nuru, hukumbukaje, huongozaje ulimi. Hayo ni magumu, lakini njia yake yajulikana. Fungu la pili ni suala moja: kwa nini kazi hizo zote zifuatane na mtu kuonja kitu kwa ndani? Kwa nini zisifanyike gizani, kama saa ya ukutani ihesabuvyo wakati pasipo kujua kuwa ni adhuhuri?

Mwaka 1998 mtaalamu wa ubongo Christof Koch aliahidiana na Chalmers kwamba katika miaka 25 itajulikana alama ya wazi ya fahamu katika ubongo. Muda ukatimia mwaka 2023, na Koch akakiri mbele ya watu kuwa bado. Kukiri huko ni sifa ya mwenye elimu. Na kiini cha ugumu ni hiki: kila kitu kingine hujulikana kwa kutazamwa kutoka nje, na watazamaji wawili waweza kusahihishana. Fahamu haina ila mtazamaji mmoja, na mtazamaji huyo ndiye yeye mwenye kutazamwa. Wengine wote ni wageni mlangoni, nao hupokea khabari kwa ulimi, kwa kidole, au sasa kwa mtambo.

HUKUMU ZINAZOFUNGAMANA NA HAYA

Sheria haikungoja siri hii ifunuliwe. Aliyelala, mtoto mdogo na mwenye wazimu hawaandikiwi makosa mpaka aamke, abaleghe na apone. Hukumu imejengwa juu ya dalili zilizo dhahiri, na ya ndani kaachiwa Mwenye kuyajua.

Ama mauti, wanavyuoni wa zama hizi wametazama. Baraza la Fiqhi la jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Amman mwaka 1986, likaamua kuwa mtu huhesabiwa amekufa ukisimama moyo na pumzi, au zikikoma kazi zote za ubongo na matabibu mahodari wakahukumu kuwa hazirudi. Baraza la Rabita la Makka, mwaka 1987, liliruhusu mitambo iondolewe kwa mtu wa namna hiyo ya pili, lakini halikumhesabu maiti mpaka moyo na pumzi visimame.

Msomaji na aangalie sana tofauti hii. Aliyekoma ubongo wote hapumui bila ya mtambo, na macho yake hayafumbuki. Mgonjwa wetu apumua mwenyewe, na macho yake hufumbuka. Huyo hayumo katika maamuzi hayo mawili. Ni mtu hai kwa kauli ya kila mwanachuoni na kila tabibu, na haki zake zote zingali juu ya jamaa zake.

YANAYOMPASA ALIYE KARIBU NA MGONJWA

La kwanza: asiseme mbele yake asilolipenda kusema akiwa macho na ajibu. Urithi, gharama, uchovu wa kuuguza na maneno ya “heri angekufa” yasemwe mbali, au yasisemwe kabisa. Pengine yupo mmoja katika wanne.

La pili: amsalimu kwa jina akiingia, ajitaje ni nani, amwambie ni siku gani na ni saa gani, na amweleze kabla ya kumgeuza au kumwosha.

La tatu: amsitiri. Mwenye kuvuliwa nguo mbele ya watu huona haya, hata asipoweza kujifunika.

La nne: amsomee aliyoyazoea kuyasikia na kuyapenda, kwa sauti ya taratibu, na ampe nafasi ya kupumzika.

La tano: asimpe jamaa matumaini ya uwongo. Kusikia si kupona. Wengi katika wagonjwa hawa hawarudi kama walivyokuwa, na kusema kweli kwa upole ni katika huruma.

La sita: akiona dalili ndogo, kama jicho kumfuata mtu au kidole kukaza kikishikwa, aiandike siku na saa, amwambie tabibu. Mara nyingi jamaa ndio walioona kwanza.

HATIMA

Jamaa wawili waliosimama kitandani mwanzo wa somo hili, kila mmoja alisema kwa yakini asiyokuwa nayo. Wa kwanza alifanya kutojibu kuwa ni kutokuwapo. Wa pili alifanya tamaa yake kuwa ni ujuzi. Lakini makosa yao hayalingani uzito. Anayemfanyia heshima asiyesikia amepoteza maneno machache. Anayemdharau asikiaye amemdhulumu mtu asiyeweza hata kulia. Basi mwenye akili, asipojua, huchagua kosa lililo jepesi, huvuta kiti, hukaa karibu, na husema salaam.

Wallahu aalam.